Soprano wa Upande wa Kushoto

Wewe unayesoma haya, au unayesomewa na mtoto wako kwa sababu herufi zimeanza kukukimbia, karibu ukae. Sikuandikii ili unionee huruma. Huruma nimepewa nyingi mno hapa Goma, na nyingine ilinitia hamu ya kumpiga mtu. Naandika kwa sababu siku ile nilipoambiwa kwenye kliniki ya macho kwamba nina glokoma, nilitafuta mtu mmoja tu aliyeipitia anieleze kesho yake inakuwaje, nikamkosa. Basi leo mtu huyo ni mimi.

Mimi ni mke wa dereva wa lori, mama wa binti mmoja anayeitwa Neema, na kiongozi wa korali ya kanisa letu mtaa wa Katindo. Kwingine wanasema kwaya. Sisi tunasema korali. Watu wananiita Mama Maestro, hata sokoni, hata wale wasiojua kuimba, na jina hilo sikupewa bure. Niliianzisha korali yetu baada ya mlipuko wa kwanza wa volkano, ule uliopitisha lava katikati ya mji na kulifunika kanisa letu la zamani hadi madirishani. Tulifanya mazoezi juu ya mawe meusi yaliyokuwa bado na joto chini ya viatu. Hatukuwa na kinanda wala ngoma. Nilikuwa na mikono yangu na macho yangu, na macho hayo yalimwona mwimbaji anayetaka kupiga miayo kabla yeye mwenyewe hajajua.

Kwenye korali yangu soprano wanasimama kushoto kwangu, alto kulia, wanaume nyuma. Nilipanga hivyo tangu mwanzo.

Ugonjwa wangu ulikuja kama ugomvi. Furaha, anayeongoza soprano, mwanamke mwenye sauti kali na ulimi mkali zaidi, anayeuza samaki soko la Virunga, alinisimamisha baada ya ibada mbele ya watu.

"Mama Maestro, unatusahau," akasema. "Unaingiza ba alto, unaingiza ba papa, sisi tunabaki tu tunakuangalia. Ni juu wewe mwenyewe uliimbaka alto?"

Nilimjibu kwamba mwimbaji mzuri hangoji kubembelezwa kama bibi harusi. Alinuna, nami nikanuna. Msimu mzima wa mvua tulisalimiana kwa ncha za vidole. Nilikuwa na hakika kwamba mkono wangu wa kushoto unawaita soprano kama siku zote, na kwamba wao ndio wamekuwa wazembe. Wala haikunipitia akilini kwamba mkono unaweza kuita watu ambao jicho haliwaoni tena.

Glokoma haiumi, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Ni mwizi anayeanza na vitu vya uani. Anabeba ndoo, anabeba kamba ya nguo, anabeba jiko, na wewe umekaa sebuleni unasifu nyumba yako kwa sababu viti bado vipo. Nilikuwa nasoma Biblia bila shida. Nilikuwa nachambua maharage bila kuacha jiwe hata moja. Lakini nilianza kugonga bega la kushoto kwenye milango, na kila nilipogonga nililaumu fundi aliyejenga mlango.

Kisha Nyiragongo ikatapika mara ya pili katika maisha yangu. Mume wangu, Papa Neema, alikuwa Rumangabo na lori lake, na lava ikaikata barabara kati yetu. Mimi na Neema tulikimbilia Sake kwa miguu pamoja na nusu ya mji, sufuria kichwani, ardhi ikitetemeka chini yetu siku baada ya siku. Tuliporudi, macho ya kila mtu yalikuwa mekundu. Majivu yalikuwa kwenye mapaa, kwenye maji, kwenye unga. Ukilalamika kuhusu macho, mtu anakuambia ni moshi ya volkano, na yeye mwenyewe anayafikicha ya kwake. Nilinunua dawa ya matone kwa mchuuzi wa dawa wa barabarani, nikatia, nikaendelea.

Kitu kingine ndicho kilichonidanganya vizuri zaidi. Sisi watu wa Goma tumezoea kuona wekundu juu ya mlima kila jioni, jinsi wengine walivyozoea kuona mwezi. Ni ziwa la moto lililo ndani ya volkano, linaangaza mawingu kutoka chini. Baada ya mlipuko ziwa hilo lilikuwa limejimwaga, na anga juu ya mlima ikawa nyeusi. Mji mzima ulisema hauoni kitu. Nami sikuona kitu, na kwa kuwa tulikuwa wengi, sikuwa na sababu ya kujiuliza. Nadhani hakuna mahali pengine duniani ambapo mtu anaweza kuanza kupofuka akafarijiwa na mlima.

Ilikuwa mwanzo wa kiangazi, miezi mingi baadaye, tulipotoka mazoezini jua likiwa limezama tu. Nikamsikia Furaha mbele yangu akisema, "Imerudi." Wengine wakapiga makofi, wengine wakafanya ishara ya msalaba. Nikatazama kule walikotazama, kwenye mlima, bila kuinua kichwa. Palikuwa peusi. Nikawaambia wanaota, wakacheka, nami nikacheka. Wakati huohuo pikipiki ikapita na kutumwagia vumbi, likaniingia jicho la kulia. Nikalifunika kwa kiganja.

Nilidhani umeme umekatika mji mzima. Sikuona watu, sikuona njia, sikuona hata taa ya duka iliyokuwa inatuwakia. Nilibaki na sauti zao tu. Nikaondoa kiganja, wakarudi. Nikafunika tena, wakapotea. Nilifanya hivyo mara kadhaa, nikiwa nimesimama pale barabarani, na kicheko chao kikaisha kidogokidogo.

"Mama Maestro," Furaha akasema, "unaniona?"

Nikageukia sauti yake nikiwa na kiganja juu ya jicho zima. "Sikuoni," nikamwambia. Niliogopa, na sioni aibu kusema hivyo.

Kesho yake Furaha hakufungua meza yake ya samaki. Alikuja kunichukua nyumbani, ananuka sabuni badala ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na wala hakutaja ugomvi wetu njia nzima. Papa Neema alikuwa safarini. Tulienda kliniki sisi wawili.

Nikueleze kuhusu chumba cha kungojea, kwa sababu utakaa humo sana. Benchi ni refu na halina mgongo. Watu wanasogea kidogokidogo kuelekea mlangoni, kwa hiyo kila jirani yako anakuachia joto lake. Kuna mzee anayelala, kuna mwanamke anayesali kwa kunong'ona, kuna mwanajeshi mmoja mwenye bandeji anayewapa watoto pipi. Watu wa macho hawatazamani usoni. Wanazungumza wakielekea ukutani. Hapo nilisikia ushauri wote wa dunia: maziwa ya mama anayenyonyesha, maji ya majani ya kienyeji, asali, kufunga na kusali bila dawa. Ukisikia hayo, sema asante, kisha ungoje zamu yako.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa Mama Agathe, mama mnene asiye na mchezo. Alinikalisha mbele ya mashine kama bakuli jeupe, akaniweka kidevu mahali pake, akaniziba jicho moja, akanipa kitufe mkononi. Ndani ya bakuli zitawaka taa ndogo hapa na pale, akaniambia. Kila nikiona moja, nibonyeze. Nikaanza. Taa, kitufe. Taa, kitufe. Baada ya muda mkono wangu ukashika mapigo, kama unavyofanya siku zote, na nikawa nabonyeza vizuri sana, kwa mwendo ulio sawa, nikijisifu moyoni kwamba mtihani huu nimeufaulu.

Mama Agathe akasimamisha mashine. "Mama, mashine inasema unaona hata mataa yenye haijawasha."

Nikaondoa kidevu kwenye mashine, nikamtazama.

"Unafanyaka kazi gani?"

Nikamwambia naongoza korali. Akanitoa kitufe mkononi, akanifuta jasho la kiganja kwa kitambaa, akanirudishia. "Hii haiko wimbo," akasema. "Kama huoni, acha mukono ilale. Usiisaidie."

Tukaanza upya, na hapo ndipo nilipougundua ukubwa wa giza langu. Mkono ulilala, ukalala, ukaendelea kulala. Nilikuwa nasikia mashine inafanya kazi yake, tik, tik, taa zinawaka mahali fulani kwa ajili ya watu wengine. Nililia kidevu kikiwa bado kwenye mashine, na Mama Agathe akangoja nimalize, kisha akaniambia tufanye jicho la pili.

Daktari hakunizungusha. Alisema jicho la kushoto limekwisha na halitarudi. La kulia limeliwa pembeni na juu, ndiyo maana anga ya mlima ilinikosa, lakini katikati bado linaona vizuri kabisa. "Tunalinda yenye imebaki," akasema. Nilimuuliza swali moja tu, kama nitaendelea kuongoza korali. Akaniuliza wanasimama kwa upana gani. Nilinyoosha mikono yangu yote miwili kumwonyesha, naye akaitazama mikono hiyo, kisha akaniandikia dawa.

Nikaenda nyumbani na chupa ndogo ya matone, na hapo ndipo maisha mapya yalipoanza. Matone hutiwa kila jioni, bila kuruka. Ukitia, unafumba jicho na kubana kona yake karibu na pua, ili dawa isikimbilie puani. Mama Agathe alisema nibane dakika mbili, lakini saa utaitazamaje umefumba macho? Nilitumia ubeti mmoja na kiitikio vya wimbo wetu wa kuingia, kwa mwendo wa taratibu. Mpaka leo sijui kutia dawa bila kuimba.

Chupa ilitaka baridi kabla ya kufunguliwa, na kwetu umeme unakuja ukitaka. Furaha akajitolea kutunza chupa zangu za akiba kwenye kisanduku chake cha barafu, chini ya samaki. Nilizipokea zikinuka sambaza, moja baada ya nyingine, na sikuwahi kulalamika. Dawa hiyo ilibadilisha uso wangu. Kope zangu zikarefuka, zikawa nyeusi na nene kama za bibi harusi, na wanawake wa korali wakaanza kuniuliza natumia nini. Niliwaambia natumia glokoma. Wakacheka sana, na siku hiyo mazoezi yalikuwa mazuri.

Nyumbani hapakuwa na kucheka sana. Papa Neema ni mtu mwema, na wema wake ulikuwa unanikaba. Aliporudi safarini na kusikia habari, alihamisha viti vyote akaviegemeza ukutani ili nipate njia, bila kuniambia. Nikaja nikakaa pale kiti kilipokuwa siku zote. Nilianguka sakafuni kwa makalio, nikiwa mke wake wa miaka yote ile, na nilihisi hasira kuliko maumivu. Nikamwambia nyumba yangu isiguswe tena. Akasema afadhali niache korali, Mungu anasikia hata wenye kukaa. Nikamuuliza kama Mungu anasikia pia madereva walioacha lori. Hatukusema tena jioni ile. Yeye aliogopa, ila hofu ya mwanamume wa kwetu huvaa nguo za amri.

Mvua ikaja ikapita. Kwenye kipimo kilichofuata jicho langu la kulia lilikuwa limepungua tena, ingawa matone sikuyakosa hata jioni moja. Daktari alikunja uso. Presha ya ndani ya jicho ilikuwa imeshuka kama alivyotaka, kwa hiyo kulikuwa na jambo lingine. Akauliza nakunywa dawa gani nyingine. Nikamwambia kwa majivuno kwamba nina ugonjwa wa damu kupanda tangu zamani, nakunywa kidonge kila jioni kabla ya kulala, na kwamba sasa damu yangu imeshuka vizuri kama ya msichana. Akauliza kama alfajiri nikiamka kichwa kinazunguka. Nikasema ndiyo, lakini Goma nani asiyesikia kichwa kinazunguka?

Alinieleza kwa mfano ambao kila mtu wa mji huu anaujua. Maji yakisukumwa kwa nguvu ndogo kwenye bomba, nyumba ya mwisho ndiyo inayokosa. Jicho ni nyumba ya mwisho. Damu yangu ikishuka mno nikiwa nimelala, haifiki pale kwenye mshipa wa jicho, na mshipa unanyauka kidogo kila mara. Lakini alisema hataki kukisia. Nipimwe alfajiri kabla sijainuka kitandani, wiki nzima.

Wakati huo waasi walikuwa wameifunga barabara ya Rutshuru. Lori la Papa Neema lilikuwa limelala uani, na yeye alikuwa anazunguka nyumba akitafuta cha kurekebisha. Nikampa kazi. Aliazima kipimo cha damu cha jirani, na kila alfajiri, jogoo wa kwanza akiwika, alikaa ukingoni mwa kitanda akanifunga kile kitambaa mkononi kwa uangalifu ule anaofungia mzigo wa watu. Hakusema mengi. Siku moja aliisoma namba, akaisoma tena, akanishika mkono. "Mama Neema, hii ni damu ya mutu mwenye kukufa," akasema. Nikamwambia mtu mwenyewe bado anataka chai.

Daktari wa macho akazungumza na daktari wangu wa damu, wakapunguza kidonge na kukihamishia asubuhi. Hayo ni yangu. Wewe usihamishe kidonge chako kwa kusoma maandishi ya mwimbaji. Lakini ukiwa kwenye kliniki ya macho, taja dawa zako zote, hata ambazo hukuulizwa. Kichwa changu kiliacha kuzunguka. Na mimi na mume wangu tulianza kuongea tena alfajiri, kama zamani za uchumba wetu, kabla mji haujaamka.

Daktari aliamua pia kunifanyia upasuaji wa jicho la kulia, kufungua kijia kidogo maji ya jicho yapate kutoka. Jicho langu pekee. Upasuaji ukishindwa, alisema, nitabaki na mwanga na kivuli tu. Tusipofanya, nitafika hukohuko polepole. Nikakubali. Kisha vita vikasogea. Watu wa kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, waliokuwa tayari wamekimbia mara moja, wakakimbia tena, wakashuka mjini na magodoro vichwani. Hospitali ikajaa majeruhi, na siku yangu ikasogezwa mbele, ikasogezwa tena. Sikuweza kuwalaumu wale waliolala kwenye korido wakiwa na risasi miguuni. Ila nilikuwa nikifunga jicho la kushoto, ambalo halikuwa na haja ya kufungwa, na kutazama kwa la kulia uso wa Neema, nikijaribu kuukariri.

Walinifanyia asubuhi moja ya mvua kubwa. Nilisikia kila kitu na sikuhisi kitu. Niliimba kimoyomoyo sehemu ya alto, halafu ya soprano, na kwa mara ya kwanza nikaona soprano wangu wana kazi ngumu kuliko nilivyowapa sifa. Nilirudishwa nyumbani na kikombe cha plastiki juu ya jicho na masharti mengi. La kwanza lilikuwa kutoinama. Nisiokote kitu, nisibebe kitu, kichwa kisiende chini ya moyo.

Siku chache baadaye mapigano yakaingia mjini.

Ulikuwa mchana. Mabomu yalianza mbali, yakakaribia kambi ya jeshi hapa Katindo, na mabati ya nyumba yakawa yanalia. Papa Neema alimsukuma Neema chini ya meza, akalala kifudifudi, akanipigia kelele nilale. Daktari alikuwa amenikataza kuinama, na risasi zilikuwa zinaniamuru niiname. Nikateremka kando ya ukuta wa mawe, mgongo wima, mpaka nikakaa, kisha nikalala chali, uso ukitazama dari.

"Geuka chini," mume wangu akasema.

"Niko chini. Kichwa changu hakiinami leo."

Alinitazama, halafu akajikokota sakafuni mpaka kwangu, akaweka kiganja chake juu ya kile kikombe cha plastiki. Kiganja kingezuia nini, sijui. Akakiacha hapo mpaka kelele zilipopungua. Ilipofika saa ya matone, Neema alinitia yeye, akilala ubavu kando yangu, na tukaimba ubeti na kiitikio kwa sauti ya chini, sote watatu. Papa Neema hajui kuimba, na siku hiyo sikumrekebisha.

Baadaye mji ukawa na wakubwa wapya, hauna maji wala umeme. Chupa ya dawa ya kuzuia uchafu kwenye kidonda, ambayo nayo ilitaka baridi, ilikuwa inaishia, na ya akiba ilikuwa kwa Furaha, ng'ambo ya soko. Nilijua barafu yake imeyeyuka zamani, na sikutazamia mtu atoke nyumbani kwake. Asubuhi ya pili ya utulivu nikasikia hodi. Alikuwa amefunga leso nyeupe kwenye kijiti, na kichwani amebeba sufuria ya maji ya ziwa iliyofunikwa kwa majani. Chupa ilikuwa ndani, imefungwa kwenye mfuko.

"Barafu iliisha," akasema. "Nilikuwa nabadilisha maji, ile ya chini, yenye baridi. Shika na mukono uone."

Niliishika. Ilikuwa baridi. Nilimkumbatia bila kuinama, yeye ndiye aliyejinyoosha.

Sitakuchosha na miezi iliyofuata. Nilikaa tena kwenye benchi lile, safari hii likiwa na nafasi, maana wengi walikuwa wamekimbia. Mama Agathe alikuwepo. Akanipa kitufe, akaniangalia kwa ukali, nami nikamwambia najua, haiko wimbo. Mkono wangu ulilala pale ulipopaswa kulala na kuamka pale ulipopaswa. Daktari alilinganisha kipimo kile na cha zamani, akasema jicho limesimama. Halijapungua hata kidogo. Neema naye alipimwa siku hiyohiyo, kwa sababu ugonjwa huu hupita ndani ya ukoo. Mama yangu alikufa haoni, na sote tulisema ni uzee. Macho ya Neema ni mazima, na kila mwaka atarudi hapo, atake asitake.

Mazoezi ya kwanza tuliyafanya mvua zilipoanza kukatika. Papa Neema alinisindikiza mpaka mlangoni, bila kunishika mkono, na akasema atangoja nje kwa kuwa humo ndani watu wanaimba vibaya. Nikaingia. Nilitarajia kuwakuta kama siku zote, soprano kushoto, alto kulia. Nilichokuta ni watu waliosimama wembamba katikati ya kanisa, wawiliwawili, mmoja nyuma ya mwingine hadi ukutani, kama foleni ya maji kwenye robine, bomba la mtaa.

Nikauliza ni nini hiki.

"Daktari alisema unaona katikati," Furaha akajibu kutoka mbele ya mstari. "Tumejipanga ndani ya jicho yako, Mama Maestro."

Niliwatazama. Ni kweli, niliwaona wote. Walikuwa wamefanya mazoezi ya kusimama hivyo bila mimi, nikaja kuambiwa baadaye, na wale warefu walikuwa wamepiga magoti mbele ili wasizibe wengine. Niliwapenda kuliko nilivyowahi kuwapenda. Na papo hapo hasira yangu ya zamani ikanipanda, ile iliyonifanya niwafundishe kuimba juu ya mawe ya moto, nikafurahi kuiona bado iko hai.

"Murudi pahali penu," nikasema. "Soprano kushoto. Alto kulia. Wenye walikimbia, muwaachie nafasi yao wazi. Jicho ndiyo ilipunguka, shingo haikupunguka."

Hakuna aliyesogea. Nikanyoosha mikono yangu yote miwili, kama nilivyomnyooshea daktari siku ile, nikangoja. Wakaanza kutawanyika, viatu vikisugua sakafu, mpaka wakasimama kwa upana wetu wote. Mbele yangu walibaki watu wachache tu. Kushoto pakawa giza, na ndani ya giza lile nikasikia wanawake wanavuta pumzi.

Nilianza na wanaume. Nikawaongeza alto. Kisha, kabla ya mahali pale ambapo kwa mwaka mzima niliwasahau, nikageuza kichwa, chote, polepole, mpaka Furaha akatokea na wenzake wakatokea nyuma yake, macho yao yote yakiwa kwangu. Nikainua mkono wa kushoto, na soprano wakaingia.